NDIZI KISUKARI NUSURA ZINIZIKE KRISMASI

Leo sina stori ya fumanizi wala ya mtu kuibiwa mume, ingawa mchumba yumo humu ndani na mtamwona mbele ya safari. Leo nazungumzia kula. Kaeni mkao wa kula basi, maana kula ndiko kulikoniponza.

Mimi ni kijana wa Kilema, kule kwenye mteremko wa Kilimanjaro, Vunjo. Riziki naitafuta Kariakoo kwenye duka la spea za magari, si mnatujua Wachaga! Na mnajua pia kwamba Desemba ikifika, hata uwe unadaiwa kodi ya nyumba, mlimani lazima upande. Watani zetu wanasema tunakwenda kuhesabiwa. Sawa, tunahesabiwa. Ila Krismasi ya mwaka 2022 nusura hesabu yangu mimi ifungwe moja kwa moja.

SIRI NILIYOPANDA NAYO BASI

Mwaka ule ulianza na miguu kuvimba. Nikasema ni kusimama dukani kutwa nzima. Nikiamka asubuhi macho yamevimba, washikaji wananitania eti nimepigwa kibuti nikalia usiku kucha. Mkojo nao ukawa na povu kama umetiwa sabuni. Nikameza diclofenac za kichwa, nikameza tena, maisha yakaendelea.

Siku nilipopimwa presha ilikuwa 180 kwa 110. Nesi akapima mara ya pili kwa kudhani mashine imekosea. Vipimo vya damu vikafuata, na daktari akaniambia kwa upole kama mtu anayekupa habari ya msiba: "Figo zako zimebaki na kazi kama robo hivi."

Robo! Na umri wangu ni miaka 29!

Nilikuwa najua figo ni ugonjwa wa wazee. Kumbe sisi watu wa mjini ndio tumo ndani kabisa. Kuna utafiti uliochapishwa mwaka 2015, ukihusu watu wazima 481 wa mkoa wetu huu huu wa Kilimanjaro. Ulikuta karibu watu 7 katika kila 100 wana ugonjwa sugu wa figo. Ukitenganisha, vijijini ni kama 2 katika 100, mjini wanafika 15. Na wengi wao walikuwa hawajui kabisa. Wanatembea, wanacheka, wanakwenda disko, figo zinakufa kimya kimya.

Daktari aliniandikia vidonge vya presha, akanikataza diclofenac na jamii yake, akaniambia nipunguze chumvi. Mwisho akanipa karatasi ya vyakula. Ile karatasi niliikunja mara nne nikaitia kwenye pochi, ikakaa humo miezi yote pamoja na vocha za zamani. Sikuisoma. Hapo ndipo balaa lilipoanzia.

Mtu pekee niliyemgusia ni dada yangu, na yeye mwenyewe nilimdanganya nusu. Nikamwambia nina presha tu. Neno figo nililimeza.

Mtaniuliza kwa nini. Jamani, Desemba ile ndiyo barua ya posa ilikuwa inapelekwa Marangu! Nina mchumba, tumetoka mbali, wazee wamekwishakubaliana siku. Sasa niende nikaseme mbele ya wakwe kwamba figo zangu zimebaki robo? Nani atampa bintiye mtu ambaye kesho anaweza kufungwa kwenye mashine ya kusafisha damu mara tatu kwa wiki, saa nne nne kila mara? Nikasema bora ninyamaze. Barua iende kwanza, figo tutazizungumza tukiwa ndani ya ndoa.

UJANJA MWINGI MBELE GIZA

Nikashuka Njia Panda ya Himo alfajiri, baridi ile mnayoijua, nikapanda kwenda nyumbani. Kihamba kimejaa watu. Mashangazi kutoka Arusha, binamu kutoka Mwanza, magari yamepangwa barabarani mpaka kwenye migomba ya jirani. Mama akanipokea na mkungu wa ndizi kisukari zilizoivia ndani, zile fupi, tamu kama asali. "Mwanangu, hizi nilikufungia wewe tangu wiki iliyopita."

Na mimi nilikuwa nimejipanga! Kichwani nilikuwa na sheria mbili tu. Figo haitaki chumvi, hiyo ya kwanza. Ya pili niliitunga mwenyewe: vitu vya sukari ni hatari, matunda ni salama. Nani hajui kwamba matunda ni afya?

Basi Krismasi ile nikawa mtu wa maajabu. Keki ikipita, naikataa. Biskuti, nakataa. Shangazi akinipa soda namwambia, "Hapana shangazi, naangalia afya." Wakaniita dokta. Binamu mmoja akasema mjini kumeniharibu, nimekuwa kama mzungu.

Halafu mtu huyo huyo dokta anakaa kwenye kiti cha uani na sahani ya ndizi kisukari. Moja, mbili, tano. Sisemi uongo, siku ya tarehe 24 peke yake nilikula ndizi kumi. Mchana kiburu, ndizi na maharage, nikarudia sahani. Jioni nusu parachichi, maana kwetu parachichi zinaanguka zenyewe. Tarehe 25 baada ya misa, mtori bakuli mbili, juu yake juisi ya machungwa ya kukamua, "haina sukari hii, mimina tu". Kashata za karanga alizoleta shangazi nikasema hizi ni karanga bwana, karanga ni mwili. Tarehe 26 mzee wangu mdogo akanipa kata ya mbege. Mbege ya baba yako mdogo huwezi kuikataa ukiwa na posa wiki hiyo hiyo, nani atakusindikiza ukweni?

Na kwenye mfuko wa shati nilikuwa natembea na chupa ndogo ya chumvi. Dada yangu, kwa mapenzi yake, aliposikia presha alininunulia dukani ile wanayoiita chumvi ya afya, yenye sodiamu kidogo. Mtori wa mama usiotiwa chumvi nauongezea hiyo. Nakumbuka nilikuwa najisifu moyoni: kijana, wewe una akili.

Akili gani!

USIKU WA TAREHE 26

Ilianza midomoni. Nikawa nahisi kama sisimizi wanatembea kwenye midomo na kwenye ncha za vidole. Nikasema labda ni mbege. Nikainuka kwenda uani, miguu ikakataa. Haiumi, haikufa ganzi, imelegea tu kama ndizi iliyopondwa. Nikashika mlango. Moyo nao ukaanza vituko, unapiga, unatulia, unaruka, halafu unapiga mara mbili kwa pamoja kama gari lenye plagi mbovu.

Bibi yangu, ambaye haoni vizuri, ndiye aliyesikia nilivyodondoka. Akapiga yowe moja, kihamba kizima kikaamka.

Nilibebwa kwenye gari la baba mdogo mpaka hospitali moja mjini Moshi. Njia nzima mama amekishika kichwa changu mapajani, anasali, na mimi nawaza kitu kimoja cha aibu: barua ya posa.

Pale hospitali walinibandika nyaya kifuani, mashine ikatoa karatasi yenye mistari ya moyo. Daktari wa zamu, kijana kama mimi, aliitazama ile karatasi kisha akawa anatembea haraka. Msomaji, ukiona daktari anatembea haraka, ujue hali si shwari. Wakanichoma sindano ya kuulinda moyo, wakanitia insulini pamoja na maji ya glukosi. Mama akashangaa, "Insulini? Mwanangu ana kisukari?"

Daktari akasema, "Hapana mama. Ana potasiamu 7.1. Ilitakiwa isizidi tano. Potasiamu hii ikiendelea kupanda, moyo unasimama."

Halafu akanigeukia. "Wewe si una ugonjwa wa figo? Umekula nini?"

Hapo ndipo mama yangu aliposikia neno figo kwa mara ya kwanza. Kutoka kwa mtu mwingine, saa nane ya usiku.

SOMO LILILOKUWA KWENYE POCHI

Asubuhi nilimtajia daktari kila nilichokula, na yeye akawa anahesabu kwa vidole mpaka vidole vikaisha. Nawaeleza nilivyoelezwa, kwa lugha ya kawaida.

Figo nzima huchuja maji kama lita 180 kwa siku, karibu yote yanarudi mwilini, na uchafu na chumvichumvi zilizozidi zinatoka na mkojo. Moja ya chumvichumvi hizo ni potasiamu. Mwili unaihitaji, misuli na moyo vinaitumia kila sekunde. Ila figo ikichoka, potasiamu inabaki ndani na kurundikana. Haina harufu, haina ladha, haina utamu. Ndiyo maana inakukamata ukiwa unacheka.

Ipo wapi kwa wingi? Shika kiti. Ndizi! Ndizi moja ya wastani ina miligramu kama 400. Wagonjwa wengi waliowekewa kipimo huambiwa wasizidi 2,000 mpaka 3,000 kwa siku nzima, kwa vyakula vyote. Mimi na ndizi zangu kumi, hata kama zilikuwa fupi, nilikuwa nimemaliza kipimo kabla sijagusa kiburu. Parachichi, machungwa, maharage, karanga, tende, zabibu kavu, chokoleti, sukari guru, zote zimo. Mbege nayo imepikwa kwa ndizi, na juu yake ni maji ambayo figo zangu zinashindwa kuyatoa.

Na ile chumvi ya afya? Daktari aliigeuza chupa akanisomea maandishi madogo ya nyuma: kloraidi ya potasiamu. Wameondoa sodiamu, wakaweka potasiamu! Kwa mtu mwenye figo nzima ni kitu kizuri. Kwangu mimi ilikuwa kama kumwaga petroli kwenye jiko linalowaka. Na baadhi ya vidonge vizuri vya presha, vile vinavyolinda figo, hubakiza potasiamu kidogo mwilini. Msiviache kwa kusoma hapa, ninyi! Daktari akikupa, anajua anachofanya. Wewe kazi yako ni kupima damu ukiambiwa, na kusoma karatasi uliyopewa.

Nikaitoa ile karatasi kwenye pochi. Mstari wa kwanza kabisa, kwa herufi kubwa: NDIZI.

Nesi mmoja mama mtu mzima akacheka mpaka akakaa. "Baba wee, umekimbia ugonjwa wa kisukari, ukakamatwa na ndizi kisukari!"

Kilichoniuma zaidi ni hiki. Ile keki niliyokuwa naikataa kwa majivuno, keki ya kawaida ya unga mweupe isiyo na zabibu wala chokoleti, kipande kidogo kisingenifanya lolote. Mimi sina ugonjwa wa sukari. Nilikataa kisichonidhuru, nikala kinachoniua, tena nikiwa naitwa dokta.

JANI LA ISALE

Nilikaa wodini siku nne. Nilipotoka mama alikuwa haongei na mimi. Anapika, ananiwekea chakula, anaondoka. Siku ya pili nikamsikia anamwambia bibi jikoni: "Nimemlisha sumu mwanangu kwa mikono yangu, na yeye alijua, akanyamaza."

Msomaji, hapo ndipo nilipolia. Ugonjwa wenyewe haukunitoa machozi, yale maneno yalinitoa. Mama alinifungia mkungu wiki nzima. Kwetu ndizi ndiyo salamu, ndiyo karibu, ndiyo pole. Unapomficha anayekupikia, unamfanya awe silaha bila kujua.

Sisi Wachaga tuna jani la isale. Ukimkosea mtu ukamwendea na isale, mila inamtaka akusamehe. Nilikwenda kukata jani pale kwenye mpaka wa kihamba, nikalifunga fundo, nikampelekea mama jikoni nikiwa nimepiga magoti. Alilitazama muda mrefu. Kisha akasema, "Simama, utachafua suruali. Haya, niambie sasa. Nini unakula, nini huli. Anza mwanzo."

Nikaisoma ile karatasi yote, mwanzo mpaka mwisho. Bibi naye anasikiliza. Alipofika kwenye ndizi akauliza, "Hata mtori?" Nikamwambia bibi, hata mtori. Akatikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa mlima umehama.

Na mchumba? Alikuja wodini siku ya pili. Wazee wake walikwishasikia, barua ikasimamishwa, "tusubiri kwanza". Nilidhani amekuja kuniaga. Akakaa kwenye kile kiti cha plastiki, akaniuliza swali moja tu: "Ulipanga kuniambia lini?" Sikuwa na jibu. Akasema, "Ugonjwa ningeuvumilia. Kufichwa ndiko nisikokuweza." Akaondoka. Tukakaa miezi mitatu hatuongei.

Sikumlaumu. Nilianza kumtumia majibu ya vipimo vyangu kila yakitoka, bila maneno mengine, kreatinini hii, potasiamu hii, presha hii. Mara ya nne akanijibu: "Potasiamu imeshuka. Hongera." Nikaruka dukani mpaka bosi akadhani nimeuza injini.

KRISMASI YA 2023: TAMU BILA BALAA

Sasa tufike kwenye utamu, maana najua mnasoma ili mjue mtu wa figo anakula nini sikukuu. Nitasema yangu mimi, mgonjwa ambaye bado sijafika kwenye mashine, sina ugonjwa wa sukari, na potasiamu yangu hupanda. Wewe unaweza kuwa tofauti. Kuna wagonjwa wa mwanzo ambao potasiamu yao iko sawa na hawana haja ya kukimbia ndizi. Kuna walio kwenye mashine ambao kipimo chao ni kingine kabisa. Kwa hiyo wiki mbili kabla ya sikukuu nenda kapime damu, mwulize daktari wako au mtaalamu wa lishe hivi: "Sikukuu inakuja, kwangu nini ni ruksa na kiasi gani?" Swali la dakika moja tu hilo.

Mimi nilipima, halafu nikampigia mama simu. Nilipofika Kilema nikakuta jiko limefanya mapinduzi. Maandazi ya unga mweupe, yameumuliwa kwa hamira, yamekandwa kwa maji, hayana maziwa, yananukia hiliki mpaka barabarani. Kwa nini hamira? Kwa sababu bekingi pauda nyingi zina fosforasi na sodiamu, na fosforasi ni mzigo mwingine kwa figo, inarundikana na kuharibu mifupa na mishipa. Maziwa mengi yana fosforasi na potasiamu pia. Kwa nini unga mweupe, wakati kila siku tunaambiwa unga usiokobolewa ni bora? Kwa mtu mzima ni bora kweli. Ila zile pumba ndimo fosforasi na potasiamu zinamokaa. Figo inageuza ushauri wa kila siku juu chini, na hilo ndilo lililonipoteza mwanzo.

Badala ya sahani ya ndizi mbivu, mama aliweka mananasi yaliyochemshwa kwa mdalasini, yamechujwa maji. Nanasi lina potasiamu kidogo, na tufaa ni hivyo hivyo. Lakini kidogo mara kumi ni nyingi, kwa hiyo vipande vinne vitano, basi. Mtori wangu ulikuwa kwenye sufuria ndogo ya peke yake. Mama alimenya ndizi mshare, akazikata vidogo, akazichemsha kwa maji mengi, akayamwaga, akaweka mengine akachemsha tena. Hiyo hupunguza potasiamu, haiondoi yote. Nikala vijiko vichache nikashukuru.

Kashata za karanga nilizipita kama sizijui. Keki ya zabibu na chokoleti nazo nikazipita. Keki ya limao nilikula kipande cha ukubwa wa viberiti viwili, nikala taratibu, na siku hiyo sikula kitamu kingine. Sheria yangu ni kitamu kimoja, mara moja kwa siku, tena baada ya kushiba chakula. Ukikaa na njaa ukingoja keki, utaimaliza yote, mimi nawajua ninyi.

Vinywaji. Kwa kuwa navimba, nimewekewa lita moja na nusu kwa siku, na soda, chai, uji, mchuzi, hata barafu, vyote vinahesabiwa humo. Soda nyeusi za kola nimeziacha kwa sababu zina asidi ya fosforasi. Nikitaka kuchangamka nachukua nusu glasi ya soda nyeupe ya limau. Mbege ya baba mdogo nilipokea kata kwa mikono miwili, nikalowesha midomo, nikampa mwenye zamu. Heshima imekamilika, wala sikumeza hata funda. Na nikiumwa kichwa siku ya pili, diclofenac marufuku, namwuliza daktari kwanza.

Ndugu zangu wa Idd nao nisiwasahau, maana sahani ya Idd ina mitego yake. Tende ni tunda la baraka, ila ukiwa na figo kama zangu zihesabu moja moja. Kashata za nazi kidogo sana. Kaimati zenye shira, au halua ya Zanzibar isiyo na njugu wala lozi, ambayo ni wanga, sukari na samli, haziichokozi potasiamu. Tahadhari moja kubwa: mwenye kisukari pamoja na figo asinisikilize mimi kwenye sukari. Huyo ana walinzi wawili mlangoni, aongee na daktari wake. Na sukari ikimshuka ghafla, sukari au glukosi kwenye maji kidogo ni salama kwa figo zake kuliko ile glasi ya juisi ya machungwa tuliyozoea kukimbilia.

KEKI YENYE MIGUU MINNE

Mwaka huo huo wa 2023, tarehe 28 Desemba, barua ilikwenda Marangu. Kabla haijafunguliwa nilimwomba mshenga aniachie niseme. Nikasimama mbele ya wazee, magoti yanagongana, nikasema: "Mimi nina ugonjwa wa figo. Natumia dawa, napima kila mwezi. Huenda siku moja nitahitaji mashine, au kupandikizwa figo, kitu ambacho hapa nchini kilianza kufanyika Muhimbili Novemba 2017. Nimesema ili msije mkaambiwa na mtu mwingine."

Kimya. Baba mkwe akakohoa. Akasema, "Kijana, mwaka jana tulikataa kwa sababu tuliona unatuficha. Leo umesema. Mleteni maji anywe." Mchumba wangu akaitikia kutoka nyuma ya pazia: "Nusu glasi, baba!" Ukumbi mzima ukacheka.

Tulifunga ndoa mwaka uliofuata. Kwetu keki ya harusi ina miguu minne, ni ndafu, mbuzi mzima aliyebanikwa na jani mdomoni. Nilikata kipande kidogo nikamlisha mke wangu, naye akanilisha kidogo zaidi, halafu akanipa keki ya limao aliyoioka mwenyewe. Aliikata kwa kipimo. Viberiti viwili.

Figo zangu hazijapona, nisiwadanganye. Zipo pale pale karibu na robo, zinashikilia. Ila nakaa uani na watu, nakula tamu yangu, na mama hanitazami tena kwa hofu.

Kijana mwenzangu unayesoma hii ndani ya daladala, pima presha, pima mkojo na kreatinini, hasa kama una presha, kisukari au unatafuna dawa za maumivu kama karanga. Na ukiambiwa figo zina tatizo, mtu wa kwanza kumwambia awe yule anayeshika mwiko nyumbani kwenu. Usimpande mlimani na siri kama mimi.

Haya, wacha niishie hapa, mama ananipigia simu. Amefunga mkungu mwingine. Safari hii anasema ni wa majirani.